Mapambio kwenye paredi ya shule

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze ninayoyaona kila ninapompeleka mjukuu wangu katika shule moja ya msingi ya serikali hapa Tanzania. Kwenye paredi ya asubuhi wanafunzi huimbishwa mapambio ya dini moja, ilhali Ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa imani, na ratiba ya shule tayari ina kipindi cha dini. Wasio wa dini hiyo husimama kimya, wameinamisha vichwa, na hilo linaniumiza. Kisha wote huingia darasani, ambako tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 watoto wanne hubanana kwenye dawati moja na wengine huandikia magotini, wameketi sakafuni. Mapambio yabaki kwenye kipindi chake, nasi tuletewe madawati.

Bibi wa mwanafunzi