Anayeuliza saa za kazi kwenye usaili asihesabiwe mvivu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalowagusa vijana wengi wa Kigoma tunaotafuta ajira, nalo ni hofu ya kuuliza, mbele ya jopo la usaili, kazi inaanza saa ngapi, inaisha saa ngapi, na inamwachia mtu muda gani wa kuihudumia familia yake.

Mwezi uliopita niliitwa kwenye usaili wa nafasi ya mhasibu katika kampuni moja ya hapa mjini, ambayo sitaitaja. Maswali ya taaluma yalikwenda vizuri. Waliniuliza namna ya kusuluhisha taarifa ya benki na daftari la fedha, nikaeleza, na mjumbe mmoja akawa anaandika huku akiitikia kwa kichwa. Mwishoni mwenyekiti akasema, "Na wewe una swali lolote kwetu?" Nikauliza kwa heshima kama mhasibu wao hutoka ofisini saa ngapi katika siku ya kawaida, na kama wakati wa kufunga hesabu za mwezi watu huitwa Jumamosi na Jumapili. Yule mjumbe akafunika kalamu yake. Mwenyekiti akanitazama kwa muda, kisha akasema, "Binti, umekuja kutafuta kazi au kutafuta mapumziko?" Sikuitwa tena. Siwezi kudai kwamba nafasi ile niliikosa kwa sababu ya swali hilo, kwa kuwa tulikuwa wengi na pengine yupo aliyenizidi, lakini jibu lile ndilo lililonifanya niandike barua hii.

Nilikuwa na sababu ya kuuliza. Mama yangu alipata kiharusi na ninaishi naye Ujiji. Msichana anayetusaidia kumhudumia hurudi kwao jua linapozama, yaani karibu saa moja jioni, maana huku kwetu jua huchelewa kuzama kuliko Dar es Salaam. Kuanzia hapo ni mimi wa kumlisha uji kwa kijiko, kumpa dawa, na kumgeuza ubavu ili mgongo usifanye vidonda. Nikitoka kazini saa kumi na moja ninamuwahi. Nikitoka saa tatu usiku, mama atakuwa ameshinda na njaa peke yake gizani. Mwingine ana mtoto anayenyonya, mwingine anasoma masomo ya jioni, na hakuna hata mmoja kati yetu anayekimbia kazi.

Wazee wetu hutushauri kwa nia njema kwamba kazi ni kazi, ingia kwanza, mengine utayajulia humo humo. Ushauri huo niliufuata katika ajira yangu ya kwanza. Niliingia bila kuuliza, nikakuta kwamba kila Jumapili kuna kuhesabu mali ghalani tangu asubuhi hadi usiku, jambo ambalo halikuwamo katika tangazo wala halikutajwa siku ya usaili. Mwezi wa nne niliacha. Mwajiri akalazimika kutangaza upya, kusaili upya na kumfundisha mtu mwingine mfumo wa hesabu ambao mimi nilikuwa nimeanza kuuzoea. Laiti tungeambiana ukweli siku ile ya kwanza, yeye asingepoteza miezi minne na mimi nisingeonekana mtu asiyetulia kazini.

Tena swali hili sheria yenyewe imelitangulia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi kwa maandishi maelezo ya ajira yake, zikiwamo saa za kazi. Imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi tisa kwa siku, katika siku zisizozidi sita. Anayeingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni, ukiondoa saa moja ya chakula, amefanya saa nane; kwa siku tano ni 40, na zinabaki tano tu za Jumamosi. Zaidi ya hapo ni saa za ziada, ambazo huhitaji makubaliano ya pande mbili, hazipaswi kuzidi 50 katika kila wiki nne, na hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Wapo wasioguswa na ukomo huo, hasa mameneja wanaosimamia wafanyakazi kwa niaba ya mwajiri, lakini mhasibu wa kawaida si mmoja wao. Sasa, ikiwa saa za ziada zinahitaji makubaliano, mtu atakubalianaje na jambo asiloruhusiwa hata kuliuliza?

Ninaelewa hofu ya waajiri. Yupo anayeanza na likizo kabla hajaulizwa anajua nini, na huyo humtia mwajiri wasiwasi. Kwa hiyo nawasihi wenzangu tungoje tupewe nafasi, tuulize baada ya kuonyesha uwezo, na tuulize kuhusu kazi yenyewe: siku ya kawaida ya mwenye nafasi hii ikoje, kufunga mwezi huchukua siku ngapi, dharura za usiku hutokea mara ngapi. Swali la namna hiyo huonyesha mtu anayejipanga abaki.

Ombi langu kwa waajiri wa mkoa huu, kuanzia Mwanga hadi Kasulu na Kibondo, ni kwamba pale mnapoandika katika tangazo kuwa mwombaji awe tayari kufanya kazi kwa shinikizo na hata nje ya muda wa kazi, mwongeze mstari mmoja tu unaotaja saa za kuingia na kutoka, na kama kuna zamu za mwisho wa wiki. Asiyeziweza hataomba, na atakayekuja mtakuwa mmeshaelewana.

Nimeitwa kwenye usaili mwingine wiki ijayo. Swali langu nimeliandika katika daftari, chini ya vyeti, na nikipewa nafasi nitaliuliza.

Msomaji wako,
Ujiji, Kigoma