Malone alistahili mechi tatu, na Kershaw alistahili zaidi ya mistari minne

Mhariri,

Katika tathmini yake ya mwaka 2025, mwandishi wenu wa michezo ya ng'ambo amewasifu Denver Nuggets, timu ya mpira wa kikapu ya NBA, kwa kumtimua kocha Michael Malone zikiwa zimesalia mechi tatu msimu wa kawaida uishe. Chini kabisa ya ukurasa huohuo ameweka mistari minne kuhusu Clayton Kershaw, mrushaji wa besiboli wa Los Angeles Dodgers. Naishi Aurora, jirani kabisa na Denver. Nuggets ndiyo timu yangu na besiboli ndiyo inayonikesha usiku. Nimeumia kote kuwili, naomba nafasi nijibu.

Nianze na Kershaw. Katika besiboli mrushaji husimama juu ya kichuguu cha udongo, na mpigaji akila straiki tatu, yaani mipira mitatu mizuri aliyoikosa au kuiacha, anarudi benchi. Kumrudisha mmoja kwa namna hiyo ni kazi. Waliorudisha wapigaji 3,000 katika ligi kuu ya Marekani, ambayo historia yake inakaribia miaka 150, ni warushaji 20 tu, na Kershaw ndiye wa 20. Wa kwanza wake alikuwa Skip Schumaker wa St. Louis, Mei 2008. Wa 3,000 alimpata Julai 2, 2025, Dodger Stadium, dhidi ya Chicago White Sox, akiwa amevaa jezi ileile ya Dodgers aliyoanza nayo.

Usiku ule nilikuwa sebuleni na mwanangu. Kershaw alihitaji wapigaji watatu tu kutimiza idadi. Alikuwa na miaka 37, goti na kidole cha mguu vilikuwa vimefanyiwa upasuaji Novemba iliyotangulia, na White Sox walikuwa wakimpiga kwelikweli, wameshapata pointi nne. Ikafika raundi ya sita, bado mmoja. Mbele yake alisimama Vinny Capra. Mpira wa 100 wa Kershaw usiku ule ulikata ukingo wa nje, Capra akautazama tu, mwamuzi akaita straiki ya tatu. Uwanja ulilipuka. Mwanangu akaniuliza mbona nimenyamaza.

Nilikuwa nimekumbuka Oktoba 2019. Mwaka ule, katika mechi ya kuamua nani aende mbele, Kershaw alipigwa hom rani mbili (mipira inayopigwa hadi nje ya uwanja na kuleta pointi) kwa mipira miwili mfululizo, ya Anthony Rendon kisha ya Juan Soto, Dodgers wakatolewa na Washington. Kamera ilimwonyesha amejiinamia peke yake benchi. Wengi walisema amekwisha, na kocha wake Dave Roberts naye aende, maana alikuwa ameshapoteza fainali mbili, 2017 na 2018. Klabu ikabaki nao wote wawili. Mwaka 2020 wakachukua ubingwa, 2024 wakachukua tena, 2025 wakarudia, na Kershaw akastaafu bingwa akiwa na wapigaji 3,052. Hiyo ndiyo maana ya namba 3,000. Ni miaka 17 ya watu kukubali kwamba mtu anaweza kuanguka leo na bado akawa wa kwako kesho. Mwandishi wenu angeliona hilo, nadhani asingeandika alivyoandika kuhusu Malone.

Na Schumaker yule wa 2008 tusimwache. Septemba 19, 2024 alikuwa kocha mkuu wa Miami Marlins, na mbele yake alisimama Shohei Ohtani akitafuta hom rani ya 50. Hakuna mchezaji aliyekuwa amewahi kupata hom rani 50 na kuiba besi 50, yaani kukimbilia kituo kinachofuata bila mpira kupigwa, katika msimu mmoja. Kanuni zilimruhusu Schumaker kumpa Ohtani besi ya bure ili rekodi isipatikane mbele yake. Alikataa, akaacha mrushaji wake apambane. Ohtani akapiga ya 50, kisha ya 51, na Miami wakafungwa 20 kwa 4. Nilimheshimu Schumaker siku ile kuliko makocha wengi walioshinda.

Sasa Malone. Alikuja Denver mwaka 2015, msimu uleule Nikola Jokić alipoanza, kijana wa Serbia aliyechaguliwa wa 41 mwaka mmoja kabla, klabu zilipogawana wachezaji wapya, na ambaye wachache sana walimjua. Msimu wa kwanza walishinda mechi 33. Wa pili 40. Wa tatu 46, na bado wakakosa hatua ya mtoano siku ya mwisho kabisa, Aprili 2018, walipofungwa na Minnesota katika muda wa nyongeza. Misimu mitatu mikavu. Sisi tuliokulia kwenye mabishano ya Simba na Yanga tunajua kwetu kocha wa namna hiyo kibarua kingekuwa kimeota nyasi kitambo. Denver wakamwacha afanye kazi. Juni 2023 wakaifunga Miami na kutwaa ubingwa wao wa kwanza tangu waingie NBA mwaka 1976. Siku ya maandamano nilisimama mtaa wa 17 nimembeba mwanangu mabegani, jua linatuchoma, yeye anapiga kelele hadi sauti imemkauka. Jezi yake namba 15, namba ya Jokić, ilikuwa inamfika magotini.

Kisha Aprili 8, 2025. Nilikuwa naegesha gari nje ya duka la nyama halali redio ilipotangaza kwamba Malone ameondolewa, na meneja mkuu Calvin Booth pamoja naye. Ni kweli walikuwa wamepoteza mechi nne mfululizo, na ni kweli kulikuwa na maneno mengi kwamba wawili hao hawaelewani. Lakini timu ilikuwa na ushindi 47! Nilikaa ndani ya gari mpaka taarifa ikaisha, nikasahau nilichofuata.

Najua jibu la mwandishi wenu: Toronto. Mwaka 2018 Masai Ujiri, bosi wa Toronto Raptors ambaye mama yake ni Mkenya, alimwondoa kocha Dwane Casey baada ya kushinda mechi 59, na mwezi uliofuata Casey akatangazwa kocha bora wa mwaka. Nick Nurse akapewa timu, akaleta ubingwa wa 2019. Nakubali, pale kamari ililipa, ingawa nyota Kawhi Leonard naye aliletwa msimu huohuo. Lakini endelea kuhesabu. Nurse alitimuliwa 2023. Frank Vogel aliipa Lakers ubingwa wa 2020, akatimuliwa 2022. Mike Budenholzer aliipa Milwaukee ubingwa wa 2021, akatimuliwa 2023. Makocha watano walichukua ubingwa kuanzia 2019 hadi 2023, na wanne wametimuliwa na klabu zilezile walizozipa kombe. Hadi mwaka 2025 alikuwa amebaki Steve Kerr wa Golden State peke yake. Kama huo ndio uongozi wa kisasa, basi kocha ataogopa kumchezesha kijana anayekosea, maana hana uhakika atakuwepo kijana huyo atakapoacha kukosea. Jokić mwingine atalelewa na nani?

Mwandishi anasema David Adelman, msaidizi aliyechukua nafasi ya Malone, alishinda mechi zote tatu zilizobaki, kwa hiyo uamuzi ulikuwa sahihi. Adelman namheshimu, amekaa miaka mingi kwenye benchi la Malone. Aliowapanga ni wachezaji waliolelewa na Malone, wakicheza mfumo wa Malone, na safari yao ikaishia mechi ya saba dhidi ya Oklahoma City katika raundi ya pili.

Mwisho, naomba marekebisho. Makala inasema Doug Moe ndiye kocha mwenye ushindi mwingi zaidi katika historia ya Nuggets, akiwa na 432. Hiyo ilikuwa zamani. Malone alimpita msimu huohuo waliomfukuza, na aliondoka akiwa na 471.

Msomaji wenu,
Aurora, Colorado