Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: The Lion King Kutoka Filamu Hadi Jukwaani

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita uliiagiza kamati ichague tamthilia moja ya muziki iliyotokana na filamu, iichunguze kwa kina, kisha iwaeleze kama chama chetu cha maigizo hapa Nakuru kinaweza kujaribu kazi ya namna hiyo. Tulichagua The Lion King, na sitaficha kwamba ujirani ulichangia. Mwaka 1991 baadhi ya waandalizi wa filamu ile ya katuni ya Disney walizuru Mbuga ya Hell's Gate, katika kaunti yetu hii, ili watazame mandhari kabla ya kuyachora. Majabali ambayo wengi wetu tuliyajua kwa safari za shule yalikwisha kupita mikononi mwa wachoraji wa ng'ambo.

Filamu ilitoka mwaka 1994, na mwaka huohuo Disney ilipeleka Beauty and the Beast Broadway, mtaa wa kumbi za maigizo huko New York, kwa mtindo ulioifuata filamu yake kwa karibu mno. Kwa The Lion King njia hiyo haikuwezekana, kwa sababu wahusika wote ni wanyama na hakuna binadamu hata mmoja. Kazi ilikabidhiwa Julie Taymor, mwelekezi aliyewahi kuishi Indonesia kwa miaka kadhaa akijifunza sanaa ya vinyago na vikaragosi. Vikao vyetu vilikawia hapa kuliko popote pengine, na nadhani kwa haki. Taymor hakumficha mwigizaji ndani ya ngozi ya mnyama. Kinyago cha simba hukaa juu ya kichwa, nao uso wa mtu ukabaki wazi chini yake, hivi kwamba mtazamaji humwona mfalme na mwigizaji kwa wakati mmoja. Twiga ni watu wanaotembea kwa magongo marefu miguuni na mikononi. Swala huruka wakiwa wamefungwa kwenye magurudumu yanayosukumwa na mtu mmoja. Na ukame unapoingia, kitambaa cha hariri kilichokuwa ziwa huvutwa taratibu kupitia tundu sakafuni mpaka kikatoweka. Wenzetu wa kundi la maleba walishangaa kuona ni kiasi gani cha kazi hiyo kinachotegemea kitambaa, mianzi na mikono ya watu. Mitambo mikubwa ipo, lakini si hiyo iliyotuvutia.

Muziki nao ulipanuliwa. Nyimbo za Elton John na Tim Rice zilibaki, ila mwanamuziki Lebo M, mzaliwa wa Soweto, aliongeza sauti za kwaya za Afrika Kusini zilizoipa kazi hii uzito ambao filamu haikuwa nao. Nyani aitwaye Rafiki, aliyekuwa dume katika filamu, aligeuzwa mwanamke, na nafasi hiyo ikaanzishwa na Tsidii Le Loka. Kwa maoni yangu badiliko hilo moja liliifaa hadithi kuliko mapambo yote ya jukwaa.

Onyesho la majaribio lilifanyika Minneapolis mwezi Julai 1997, na ufunguzi rasmi Broadway ukafuata tarehe 13 Novemba mwaka huo, katika ukumbi wa New Amsterdam. Mwaka 1998 lilipata tuzo 6 za Tony, zinazotolewa kwa maonyesho ya Broadway, na Taymor akawa mwanamke wa kwanza kutuzwa kwa uelekezi wa tamthilia ya muziki. Tokyo ilifuata mwishoni mwa 1998, London 1999, na Hamburg 2001, ambako watazamaji huvuka mto kwa mashua kufika ukumbini (nasi tunanung'unikia nauli ya bodaboda). Johannesburg ililipokea mwaka 2007. Huko New York lilihamia ukumbi wa Minskoff mwaka 2006, likafungwa na korona Machi 2020, likarejea Septemba 2021.

Upande wa hakimiliki ulituzuia zaidi ya upande wa fedha. Solomon Linda wa Johannesburg alirekodi wimbo wake Mbube mwaka 1939, akafa mwaka 1962 akiwa maskini, ilhali wimbo uliozaliwa na huo wake ulizunguka dunia na kusikika hata ndani ya filamu hii. Familia yake ilienda mahakamani mwaka 2004, na mapatano yakafikiwa mwaka 2006. Kwa sababu hiyo kamati ilikataa pendekezo la kuigiza sehemu za The Lion King bila kibali, na vilevile haitagusa filamu yoyote ya Kenya kabla ya mwenye haki kukubali kwa maandishi, maana Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inataka kibali chake.

Badala yake tunawaletea pendekezo la simulizi ya Menengai, volkeno iliyo hapa Nakuru, ya mashujaa wa Kimaasai walioangukia ndani ya kreta na mvuke unaosemwa kuwa ni roho zao. Simulizi hiyo haidaiwi na mtunzi yeyote, na mvuke ni kazi ambayo kitambaa kinaiweza. Mweka hazina atasoma makadirio ya gharama baada yangu, kisha tutapiga kura.

Mwenyekiti