Komoro haina jina kwenye atlasi?

Mhariri,

Juzi nikimsaidia binti yangu kazi ya shule hapa Umoja, nilikuta atlasi imeichora Komoro kwa vidoa vitatu visivyo na majina. Vidoa hivyo ni Ngazidja, Nzwani na Mwali, basi! Visiwa hivyo vilijipatia uhuru mwaka 1975. Cha nne, Maore (Mayotte), kikabaki kwa Wafaransa, na serikali ya Komoro kule Moroni, mji mkuu, haijakubali hadi leo. Katiba ya 2001 iliuzungusha urais kisiwa hadi kisiwa, kisha kura ya maoni ya 2018 ikaubadili utaratibu huo. Komoro huuza vanila, karafuu na mafuta ya mlangilangi, yale ya manukato ya bei kali. Na Kikomoro ni ndugu wa Kiswahili! Wachapishaji waandike majina, hata kwa herufi za sisimizi.

Mzazi,
Umoja, Nairobi