Barua kwa mdogo wangu: anza na shangazi, tovuti baadaye

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi huku sijambo, ni baridi tu inanisumbua. Nifikishie shikamoo kwa mama na kwa shangazi. Shangazi huyo ndiye hasa sababu ya barua hii.

Uliposema kwenye simu kwamba unataka tutafute historia ya ukoo wetu nilifurahi sana. Ila uliponiambia umeshajiandikisha kwenye tovuti na sasa unangoja nikutumie majina, nikaona afadhali nikuandikie kwa kirefu. Majina hayako huku. Yako hapo nyumbani, kichwani mwa shangazi. Mimi nina intaneti ya kasi, wewe una watu, na rejista zitakuwepo hata mwakani. Shangazi Mungu amzidishie umri, lakini tusijidanganye.

Basi kaa naye. Usimwendee na orodha ya maswali kama karani wa sensa. Ukimuuliza "bibi alizaliwa mwaka gani?" atakujibu "sijui", na mazungumzo yataishia hapo. Muulize bibi alipoolewa, yeye shangazi alikuwa ameanza shule? Nani alikuwa tumboni? Nani alikuwa bado hajafariki? Tukio moja huvuta jingine, na mwishowe mtaukaribia mwaka wenyewe kwa tofauti ya miaka miwili mitatu. Kwa kuanzia inatosha kabisa.

Chukua na zile picha za zamani. Geuza kila moja uangalie nyuma, maana wakati mwingine kuna muhuri wa studio, au tarehe, au maneno mawili yaliyoandikwa kwa mkono. Akikutajia waliomo, waandike pembezoni upande huohuo wa nyuma kwa penseli laini, bila kukandamiza. Kalamu ya wino iache, wino hupenya na kuharibu sura za watu. Simu iweke mezani irekodi, ila muombe ruhusa kwanza, na mwanzoni kabisa taja tarehe na waliopo. Miaka ikipita hutakumbuka ile sauti inayokatiza kila mara ni ya nani (nadhani itakuwa ya mama).

Kuna jambo moja nitakusumbua nalo mpaka unichoke: kila unachoandika, andika na aliyekwambia, na lini. Shangazi akisema babu alikuwa na kaka watatu na mama akasema wawili, usifute hata moja. Huenda mmoja alifariki akiwa mtoto na mama hakuwahi kumsikia. Nimeona mtandaoni miti ya ukoo iliyorudi nyuma karne na karne, imependeza kweli, lakini ukiuliza jina fulani limetoka wapi, unakuta limenakiliwa kutoka mti mwingine, ambao nao ulinakili kwingine. Mimi huo siuiti utafiti.

Kwa mpangilio, tutumie namba ambazo Mhispania Jerónimo de Sosa alizitumia mwaka 1676, na watafiti wa nasaba wanazo mpaka leo. Wewe ni 1, baba 2, mama 3. Baba wa mtu yeyote ni namba yake mara mbili. Mama yake ni hiyo jumlisha moja. Kwa hiyo baba yake mama ni 6, na mama yake mama ni 7. Mimi na wewe sote ni namba 1, kwa mara ya kwanza hatugombei nafasi. Uzuri wake ni kwamba pengo linaonekana mara moja. Jaribu 8 hadi 15, yaani wazazi wa babu na bibi zetu wote, uone utawajua wangapi. Nakuhakikishia wanaokosekana wengi ni wanawake, kwa hiyo kila bibi mtafutie jina lake la kabla ya kuolewa.

Sehemu yangu ni nyaraka. Tovuti ya FamilySearch ni bure, ni ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na kazi yao ya kupiga picha rejista kwa maikrofilamu ilianza mwaka 1938. Nyingi hazina faharasa ya majina, inabidi kufungua ukurasa kwa ukurasa, na makarani waliandika majina jinsi walivyoyasikia. Bila mahali na mwaka wa kukisia, nitapekua bure. Halafu rejista za karibuni hufungwa ili kulinda walio hai. Marekani majina ya sensa husubiri miaka 72, ndiyo maana ya 1950 ilifunguliwa 2022. Uingereza husubiri miaka 100. Kizazi cha baba na shangazi ndicho hasa ambacho nyaraka hazitatupa.

Kuhusu kupima vinasaba, mimi nasema tusubiri. Kipimo kitakuonyesha watu mnaochangia damu, hakitakupa jina la baba yake babu. Na kinaweza kufichua mtoto ambaye wazee waliamua kutomtaja. Hilo wazee waulizwe kabla, si baada. Vivyo hivyo shangazi akinyamaza kwenye jambo fulani, weka kalamu chini umuulize habari nyingine. Na taarifa za walio hai usizipandishe mtandaoni.

Sasa nitumie kitu kimoja: cheti cha ndoa cha babu na bibi, kama mama bado anacho. Kipige picha mchana karibu na dirisha, bila mwanga wa kamera, pande zote mbili. Vyeti vya ndoa mara nyingi hutaja baba wa bwana na baba wa bibi harusi, na hapo namba 8 na 10 (kama ni upande wa baba), au 12 na 14 (kama ni upande wa mama), tutakuwa tumezipata kwa mkupuo. Jumapili nitapiga, uwe umeshaongea na shangazi.

Wako,
Kaka