Mchango wa mbwa na fimbo nyeupe

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Ngamiani, Tanga. Mpwa wangu yuko Uingereza kaniambia kila mwezi anatoa hela kidogo kumsomesha mtoto wa mbwa, nikacheka kwanza, kumbe sio utani, wale mbwa wakikua wanawaongoza wasioona barabarani na kule ilianza 1931 na mbwa wanne tu. Wengi ni mbwa wa aina ya labrado au machotara wao. Mtoto wa mbwa analelewa na familia ya kujitolea kama mwaka hivi, anazoeshwa basi, maduka, makelele, halafu ndo anapelekwa kwa walimu wenyewe kufundishwa kusimama ukingoni mwa barabara, kukwepa nguzo, na hata kugoma akiambiwa twende wakati gari linakuja (hapo ndo nilimvulia kofia). Wachangiaji wanatumiwa picha na habari za mbwa wao.

Sasa huku kwetu tusidanganyane, wengi wetu mbwa ni najisi, nani atamkaribisha sebuleni? Sisemi tuige mbwa, tuige mchango. Fimbo nyeupe haili wala haiugui, tukitumiana buku buku kwa simu kila mwisho wa mwezi mtaa mmoja unaweza kumnunulia kijana asiyeona fimbo nzuri na kumlipa mtu wa kumfundisha kuitumia, maana fimbo nayo ina mafunzo yake.

Na bodaboda mnaopaki kwenye njia ya waenda kwa miguu tokeni jamani, hapo hata huyo mbwa wa Uingereza hapiti.

Msomaji wenu, Tanga