Vali ikidondosha maji, pimeni kwanza upepo wa tanki la ekspansheni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongelee hita za maji moto za majumbani, maana kuna kitu kimoja kinatusumbua wengi na karibu kila mtu anakitibu pasipouma. Ni ile vali ya usalama kudondosha maji. Mwenye hita anaijua hali hii, ndoo chini ya kibomba, usiku kucha to to to, asubuhi ndoo imejaa nusu, unamwita fundi anakwambia vali imekufa, anafunga mpya, unalipa, na usiku uleule matone yamerudi. Kwangu vali ilibadilishwa mara 3 ndani ya mwaka mmoja, na zote 3 zilikuwa nzima. Zilikuwa zinafanya kazi yake, presha ikizidi zinafungua, basi.

Swali ambalo hakuna aliyeuliza ni kwa nini presha izidi.

Maji yakipata moto yanatanuka. Hita ya lita 150 ukiipasha kutoka nyuzi 15 mpaka nyuzi 60 inatoa karibu lita 2 na nusu za ziada, na hayo maji lazima yapate pa kwenda. Kama bomba la kuingizia liko wazi yanarudi nyuma yalikotoka, lakini nyumba ikishafungwa vali ya kupunguza presha au ile ya kuzuia maji yasirudi, njia hiyo mara nyingi haipo tena, na maji hayashindiliki. Ndo maana kunafungwa lile tanki dogo la ekspansheni, chuma kwa nje, ndani kuna mpira, upande mmoja maji upande wa pili upepo. Maji yakitanuka yanausukuma mpira, upepo unashindiliwa, presha inapanda kidogo tu na maisha yanaendelea.

Sasa ule upepo haukai milele. Unapungua polepole, mwingine unapita kwenye mpira wenyewe hata kama hauna tundu, kama tairi la gari lililopaki muda mrefu. Tairi tunajaza, ila hili tanki likishafungwa ukutani hakuna anayeligusa mpaka lioze. Mi langu lilikaa miaka bila mtu kulipima, na hata siku lilipopimwa lilipimwa vibaya, na hapa ndo nataka wasomaji wanisikilize kwa makini.

Fundi alikuja na geji ya tairi, akafungua kifuniko cha plastiki, akachomeka, geji ikasoma bar 3 (bar ni kipimo cha presha), akasema tanki zima. Nami nikaamini, maana maji yanaingia nyumbani kwa bar 3 na hiyo ndo namba tanki linatakiwa kuwa nayo. Lakini alipima mfumo ukiwa umejaa maji! Maji ya bar 3 yakiusukuma mpira, upepo wa upande wa pili lazima nao usome bar 3, uwe mwingi uwe kidogo, maana mpira uko katikati na pande zote zinasukumana sawasawa. Kwa hiyo ile namba ni presha ya maji, haikwambii chochote kuhusu upepo uliobaki ndani. Fundi mwingine alipokuja akafunga maji, akamwaga presha yote, akapima upya, geji ikasoma 0.8. Yaani lile tanki tuliloambiwa ni zima lilikuwa limepungukiwa sana na upepo na tulikuwa tunailaumu vali.

Nilikaa nikapiga hesabu. Tanki langu ni lita 12. Likiwa na upepo wa bar 3 kama inavyotakiwa, zile lita 2 na nusu zikiingia presha inafika kama bar 4. Likiwa na 0.8, maji baridi peke yake yanakuwa yameshakula zaidi ya nusu ya nafasi, kwa hiyo ya moto yakija presha inaruka hadi 6 na kitu. Na vali yangu imeandikwa bar 6. Hapo hata ubadilishe vali 10.

Kwa mwenye tatizo kama langu, fanya hivi. Zima hita, subiri maji yapoe maana yanaunguza kweli, funga maji baridi yanayoingia, fungua bomba la maji moto mpaka mtiririko ukate na geji ya mfumo ishuke sifuri, bomba liache wazi. Hapo sasa ndo upime. Bonyeza kidogo ile pini iliyo chini ya kifuniko cha plastiki cha tanki, ikitoka hewa sawa, yakitoka maji mpira umepasuka, usihangaike kujaza, tanki linabadilishwa. Kama hewa imepungua, jaza kwa pampu ya baiskeli mpaka ifikie presha ya maji yanayoingia nyumbani, wengine wanaacha pungufu kidogo, soma karatasi ya tanki lako. Ukimaliza fungulia maji taratibu. Na tanki jipya nalo lipimwe kabla ya kufungwa, upepo wa kiwandani hauijui presha ya nyumba yako. Wenye mfumo wa kupasha nyumba joto wajue ule ni mfumo mwingine wenye tanki lake na namba zake, kwa kawaida bar 1 na kitu ukiwa baridi, msichanganye.

Kitu kingine kilichonisaidia sana ni geji yenye mishale 2, mmoja unacheza na presha, mwingine unabaki pale presha ilipofika juu kabisa. Usiku watu wakishaoga maji baridi yanaingia, hita inapasha, bomba zote zimefungwa, ndo presha inapanda, ila asubuhi wa kwanza kufungua bomba inashuka papo hapo na we ukiangalia unaona kila kitu shwari. Ule mshale wa pili unakuonyesha ya usiku.

Na tafadhali sana, nimeona watu wanaiziba vali kwa plagi ili isidondoshe. Msifanye. Siku kidhibiti joto kikigoma, ile vali ndo iliyobaki kati yako na tanki la maji yaliyopita nyuzi 100, na tanki likipasuka sehemu ya hayo maji inageuka mvuke hapohapo, na lita 1 ya maji ni zaidi ya lita 1,600 za mvuke.

Ombi langu kwa mafundi ni dogo. Mkifunga au mkipima tanki, andikeni kwa kalamu ya wino mzito juu ya tanki lenyewe, presha ya upepo na tarehe, ili mwenye nyumba na fundi atakayekuja wajue pa kuanzia. Nawe Mhariri, ukurasa wenu wa nyumba ungeweza kuchora mchoro wa hatua za kupima, watu wakaukata wakaubandika karibu na hita.

Mimi langu nimeliandika. Juzi nimelipima tena baada ya miezi 6, likasoma 2.8, nikaongeza mpaka 3, nikaandika tarehe mpya chini ya ile ya zamani. Ndoo ni kavu.

Msomaji wenu wa siku nyingi